KATHARINE COOK NA UMILISI WA MKONO: MAISHA YA MKUNGA WA MENGO (1863–1938)

Utangulizi

Neno umilisi ni miongoni mwa istilahi za kwanza ambazo mwanafunzi wa isimu ya Kiswahili hukutana nazo. Hufundishwa kwamba mwaka 1965 Noam Chomsky alitofautisha ujuzi wa lugha ambao mzungumzaji anao akilini, yaani umilisi, na matumizi halisi ya lugha hiyo, yaani utendaji. Katika mgawanyo huo umilisi umefichika. Hauonekani wala hausikiki, nasi huukisia tu kupitia utendaji ambao mara nyingi una dosari. Hata hivyo, tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kufanyiwa majaribio katika shule za Kenya mwaka 2017 na kuenezwa nchini kote mwaka 2019, neno hilo limetoka darasani mwetu likaingia sokoni. Mzazi wa Chwele ambaye hajawahi kusikia habari za Chomsky hulitamka huku akipanga nyanya zake siku ya soko. Kwake yeye, umilisi ni kile ambacho mtoto anaweza kukifanya watu wakakiona.

Ipo taaluma moja ambamo maana hizi mbili hulazimika kukutana kitandani pa mgonjwa, nayo ni uuguzi pamoja na ukunga. Binamu yangu, ambaye anasomea uuguzi, ana daftari ambalo hulibeba kila aendapo wadini. Ndani yake mmeorodheshwa kazi anazopaswa kuzifanya kwa mikono yake mwenyewe, na kila kazi ina nafasi ya sahihi ya msimamizi aliyemwona akiifanya. Anaweza kupata alama zote katika mtihani wa kuandika, lakini nafasi hizo zisipojazwa hatahitimu. Nilipoliona daftari hilo nilijiuliza ni lini katika Afrika Mashariki watu walianza kukubaliana kwamba mkunga apimwe kwa namna hiyo, na mafunzo yake yalitolewa kwa lugha gani.

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kusimulia maisha ya mwanamke mmoja aliyefahamika sana nchini Uganda katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, Katharine Timpson, ambaye baadaye aliitwa Bibi Cook na hatimaye Lady Cook. Jina la mumewe, Sir Albert Cook, linajulikana zaidi, na wengi humkumbuka bibi huyu kama mke wa daktari tu. Hoja ya makala haya ni kwamba katika suala la kumfunza Mwafrika kazi ya afya na kumpima kwa kazi hiyo, mke anastahili kutajwa kwa jina lake mwenyewe. Aidha, maisha yake yana funzo la pekee kwetu sisi tunaoshughulika na lugha, kwa uzuri wake na kwa ubaya wake.

Kutoka Uingereza hadi Namirembe

Katharine Timpson alizaliwa mwaka 1863 nchini Uingereza. Alikulia katika kipindi ambacho kazi ya uuguzi ilikuwa inabadilika hadhi. Miaka 3 tu kabla ya kuzaliwa kwake, Florence Nightingale alikuwa amefungua shule yake ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas jijini London, na tangu hapo uuguzi ukaanza kuonekana kuwa kazi inayofundishwa. Kabla ya hapo ulichukuliwa kuwa utumishi wa wanawake maskini wasio na kazi nyingine. Ukunga ulichelewa zaidi. Ilimbidi mwanamke wa Uingereza angoje hadi mwaka 1902 ndipo sheria ya wakunga ikapitishwa, ikaundwa bodi ya kuwasajili wakunga na kuwazuia wasiofunzwa wasijiite kwa jina hilo. Ni vyema msomaji auweke mwaka huo akilini, kwa sababu wakati Uganda ilipopata shule yake ya wakunga, Uingereza yenyewe ilikuwa haijamaliza miaka 20 tangu iamue kwamba mkunga ni lazima afunzwe.

Mwaka 1896 Timpson, ambaye wakati huo alikuwa muuguzi aliyehitimu, alijiunga na kundi la wamishonari wa Kianglikana wa shirika la CMS waliokuwa wakielekea Uganda. Katika kundi hilo alikuwamo daktari kijana, Albert Ruskin Cook, aliyezaliwa London mwaka 1870 na kusomea Cambridge na hospitali ya St Bartholomew. Ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulikuwa umeanza mwaka huo huo, na kwa sababu hiyo haukuwafaa kitu. Safari ilikuwa ya miguu. Wanawake wa kwanza wa Ulaya walikuwa wamefika Buganda mwaka 1895 tu, wakiwa watano, wakiandamana na Askofu Alfred Tucker. Timpson alikuwa katika kundi lililowafuata.

Njia ya misafara ya siku zile ilipanda kutoka pwani hadi Ukikuyuni, ikavuka Bonde la Ufa, ikateremka hadi kwa Nabongo Mumia, kisha ikaingia Busoga. Sisi wa Bungoma hatuna budi kuisoma safari hiyo kwa jicho la pili. Mnamo 1895 majeshi ya Waingereza yalikuwa yamepigana na Wabukusu huko Lumboka na Chetambe, na majeraha ya vita hivyo yalikuwa hayajapona. Isitoshe, nchi yote ya magharibi mwa Bonde la Ufa, Chwele ikiwamo, ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda hadi mwaka 1902. Hivyo basi, muuguzi huyu alipopita Mumias alikuwa tayari amefika katika himaya ambayo angeitumikia maisha yake yote. Na lugha ya msafara, baina ya wapagazi, viongozi wa njia na wauzaji wa chakula, ilikuwa Kiswahili.

Msafara uliwasili Mengo mwezi Februari 1897.

Hospitali ya Matete

Katika mwaka huo huo hospitali ilifunguliwa juu ya kilima cha Namirembe. Lilikuwa jengo la udongo, matete na nyasi, lenye vitanda vichache. Timpson akawa metroni wake wa kwanza, wadhifa alioushika hadi mwaka 1911. Huo haukuwa mwaka wa utulivu. Kabaka Mwanga aliasi utawala wa Waingereza mwezi Julai na kukimbia, na mwanawe, Daudi Chwa, akatawazwa angali mtoto mchanga. Kabla mwaka haujakwisha askari wa Kisudani wa serikali nao waliasi. Majeruhi waliletwa kilimani, na hospitali ikajikuta katika kazi ambayo vitabu vyake havikuwa vimefika.

Mwaka 1900 Timpson aliolewa na Dkt. Cook. Ndugu yake Albert, John Howard Cook, aliyekuwa mpasuaji, alikuwa ameungana nao mwaka 1899. Mwaka 1901 ndugu hao wawili walitambua wagonjwa wa kwanza wa malale nchini Uganda, ugonjwa ambao katika miaka iliyofuata uliwaua watu wengi mno kandokando ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1902 radi iliipiga hospitali, paa la nyasi likawaka na jengo likateketea. Hospitali mpya ya matofali ilikamilika mwaka 1904.

Katika historia nyingi za Mengo, miaka hii husimuliwa kama miaka ya daktari. Lakini msomaji akitafakari jinsi hospitali inavyoendeshwa, ataona kwamba daktari mmoja au wawili hawawezi kuwageuza wagonjwa ubavu, kuchemsha vitambaa, kupima joto, kuhesabu mapigo ya moyo na kuketi na mahututi usiku kucha. Kazi hizo zilifanywa na vijana wa kiume na wa kike wa Kiganda ambao hawakuwa na cheti chochote. Walijifunza kwa kutazama, wakajaribu, wakasahihishwa, wakajaribu tena. Metroni ndiye aliyeamua ni nani aachiwe kidonda na ni nani asiachiwe. Kwa hakika, kabla ya shule kuwapo, kanuni ya upimaji ilikuwa tayari imeanza kufanya kazi wadini: mtu hupewa kazi kwa sababu ameonekana akiiweza.

Chimbuko la Shule ya Wakunga

Wajibu wa kusema kweli unatulazimisha tutaje kwamba shule ya wakunga haikuzaliwa kwa huruma pekee. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni na wamishonari waliingiwa na hofu kwamba idadi ya watu Buganda ilikuwa inapungua. Malale yalikuwa yameua wengi, watoto wengi walikufa wachanga, na mimba nyingi ziliharibika. Mnamo 1907 daktari wa kijeshi aliyetumwa kutoka Uingereza, Kanali Lambkin, alidai kwamba kaswende ilikuwa imeenea kwa kiwango cha kutisha. Wanahistoria wa baadaye wameyatilia shaka madai hayo, kwa kuwa magonjwa kama buba, ambayo hayaambukizwi kwa kujamiiana, yalihesabiwa pamoja na kaswende. Hata hivyo, hofu ilikuwa imekwisha kuenea. Watu walikaguliwa miili yao kwa lazima, na lawama ikatupwa juu ya maadili ya Waganda, hasa wanawake. Kituo cha matibabu kilichoanzishwa Mulago mwaka 1913 kwa ajili ya magonjwa hayo na malale ndicho kilichokua na kuwa hospitali kuu ya Uganda.

Bibi Cook na mumewe walikuwa sehemu ya mazingira hayo ya mawazo, tena hawakuwa pembeni. Waliamini kwamba malezi ya Kikristo na uzazi salama ni kitu kimoja. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ambapo hospitali ya Mengo iliwahudumia wapiganaji na wapagazi, na ambapo Dkt. Cook alikuwa ameanza kuwafunza wasaidizi wa tiba wa Kiafrika, Bibi Cook aligeukia kazi ambayo ingemtambulisha. Shule ya Ukunga ya Lady Coryndon, iliyopewa jina la mke wa gavana wa wakati huo, ilifunguliwa Mengo mwaka 1921. Kilima cha pili, Nsambya, hakikubaki nyuma. Huko Mama Kevin, mtawa wa Kikatoliki kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka 1903, naye alisimamisha mafunzo ya wakunga. Mashindano ya madhehebu, ambayo yalikuwa yameigawa Buganda kwa bunduki katika miaka ya 1890, safari hii yaliwaletea akina mama faida.

Si kwamba nchi hiyo haikuwa na ujuzi wa uzazi hapo kabla. Mwaka 1879 Robert Felkin, daktari mmishonari, alimshuhudia mganga wa Bunyoro akimpasua mama tumbo na kumtoa mtoto akiwa hai. Mganga huyo alitumia pombe ya ndizi kumlevya mama na kuisafisha mikono yake pamoja na mahali pa kupasuliwa, kisha akaufunga mkato kwa sindano za chuma na nyuzi. Felkin alipoondoka siku kadhaa baadaye, mama na mtoto walikuwa hai. Aliichapisha habari hiyo mwaka 1884, zama ambazo upasuaji wa namna hiyo uliwaua akina mama wengi katika hospitali za Ulaya. Ni dhahiri kwamba mganga yule hakuwa akijaribu kwa mara ya kwanza. Alikuwa na umilisi uliorithishwa kwa utendaji, mkono hadi mkono, pasipo herufi hata moja. Shule ya Mengo ilipofunguliwa haikumtafuta mrithi wake ili imwulize chochote.

Lugha ya Mafunzo

Hapa ndipo maisha ya Katharine Cook yanapowagusa wasomaji wa jarida hili kwa karibu zaidi. Wasichana waliojiunga na shule yake walitoka katika shule za misheni, na lugha waliyoisoma na kuiandika ilikuwa Kiganda. Bibi Cook hakuwangoja wajue Kiingereza. Aliwafundisha kwa Kiganda, na kwa kuwa hapakuwa na kitabu, yeye na mumewe waliandika kimoja. Kitabu hicho cha ukunga kiliitwa Amagezi Agokuzalisa. Msomaji wa Kiswahili halazimiki kutafuta mkalimani ili aelewe jambo lililokusudiwa: ndani ya agokuzalisa anaisikia kuzalisha yetu, na amagezi ni maarifa au akili. Dkt. Cook naye alikuwa ametunga msamiati wa tiba pamoja na sentensi za mazungumzo ya daktari na mgonjwa katika Kiganda.

Kazi ya kuandika kitabu kama hicho ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Mwandishi wa ukunga hana budi kutaja sehemu za mwili ambazo adabu ya jamii huzifunika kwa tafsida. Hana budi kutofautisha kondo la nyuma na utando unaomzunguka mtoto, uchungu wa kweli na uchungu wa uongo, damu inayotarajiwa na damu ya hatari. Akitumia neno la jumla mahali panapohitaji neno mahususi, mtu atakufa. Akikopa neno la Kiingereza ambalo msichana wa kijijini hawezi kulihusisha na kitu anachokishika, msichana huyo atalikariri kwa ajili ya mtihani na kulisahau mbele ya mama anayevuja damu. Wataalamu wetu wa istilahi wamejadili kwa miaka mingi vigezo vya kuunda maneno mapya ya sayansi. Katika wadi ya uzazi kigezo kinakuwa kimoja: je, neno hili litaufanya mkono ufanye jambo sahihi kwa wakati?

Ikumbukwe pia kwamba hizo zilikuwa siku ambazo dawa za kuua vijidudu mwilini zilikuwa hazijapatikana. Homa ya uzazi ikimshika mama, tiba haikuwapo. Tangu mwaka 1847 Ignaz Semmelweis alikuwa ameonyesha kule Vienna kwamba madaktari wenyewe ndio walioibeba homa hiyo katika mikono yao, na kwamba kunawa kwa dawa kunaipunguza sana. Kwa hiyo, kunawa mikono, kuchemsha vyombo na kukata kitovu kwa kifaa safi yalikuwa mambo ambayo hayakuvumilia mwanafunzi anayeyajua kwa mdomo tu. Mafunzo ya ukunga ya zama hizo yalijengwa juu ya kulitenda jambo mbele ya anayelijua. Mwanafunzi hupapasa tumbo na kusema mtoto amelalaje, kisha mwalimu hupapasa baada yake. Mwanafunzi hupokea mtoto, mwalimu akiwa amesimama nyuma yake. Mwishoni palikuwa na mtihani na cheti kilichotambuliwa na serikali, chini ya bodi ya wakunga. Mtindo huo ulifuata ule ambao Uingereza ilikuwa imeuanza mwaka 1902.

Wataalamu wa elimu ya afya hulihesabu suala la mafunzo ya umilisi kuwa jipya. Mwaka 1978 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu kuhusu kutunga mitaala ya tiba inayoegemea umilisi, na mwaka 2002 Shirikisho la Kimataifa la Wakunga liliidhinisha orodha ya umilisi wa msingi ambao kila mkunga duniani anapaswa kuwa nao. Orodha kama hizo zimefanya kazi kubwa ya kusawazisha viwango. Hata hivyo, mzizi wa wazo lenyewe, kwamba ujuzi wa mkunga uthibitishwe kwa kazi iliyoshuhudiwa, ulikuwa umekwisha kupandwa Mengo zaidi ya nusu karne kabla ya mwaka 1978.

Mkaguzi Njiani

Cheti hakikuwa mwisho wa kupimwa. Wakunga waliohitimu walipelekwa katika vituo vya uzazi vya mashambani, mbali na daktari. Bibi Cook, ambaye baada ya kuacha umetroni alipewa wadhifa wa msimamizi mkuu wa wakunga na mkaguzi wa vituo hivyo, aliwafuata huko huko. Alipofungua shule alikuwa na umri wa karibu miaka 60, na bado aliendelea kusafiri kukagua.

Tuipime hali ya mkunga wa kituo cha mashambani. Ni mwanamke kijana, pengine hajaolewa, amepelekwa mahali ambapo si kwao. Akina mama wenyeji wana wakunga wao wa jadi wenye umri wa bibi yake, ambao wamewazalisha mama na mabinti. Wanamtazama kijana huyu ambaye hajazaa na kujiuliza anajua nini. Wahenga wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Cheti chake, hata kama kimetiwa sahihi na serikali, hakina uzito machoni pao. Kitakachompatia heshima ni mtoto wa kwanza atakayemtoa salama baada ya wengine kukata tamaa, na vilevile ujasiri wa kusema mapema kwamba mama huyu apelekwe hospitali kwa kuwa hali yake imepita uwezo wa kituo. Kujua mpaka wa ujuzi wako ni sehemu ya ujuzi. Ukaguzi wa Bibi Cook ulitegemea jambo hili: mkunga aliyefaulu Mengo chini ya macho ya mwalimu alipaswa kuonekana kama bado anafaulu akiwa peke yake.

Mwaka 1931 Bibi Cook alianzisha Mengo shule ya wauguzi, ili mafunzo yasiishie katika uzazi pekee. Kwa upande wa Kenya, kituo cha uzazi cha Pumwani jijini Nairobi kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1926 kwa juhudi za Lady Grigg, mke wa gavana, na huko nako wanawake wa Kiafrika wakafunzwa ukunga. Mfano wa kilima cha Namirembe haukuwa wa pekee tena.

Dosari na Lawama

Mwandishi wa wasifu anayemsifu mhusika wake bila kikomo humkosea msomaji. Katika maisha ya Katharine Cook zipo lawama tatu ambazo haifai kuzifunika.

Kwanza, aliichukulia tabia ya msichana kuwa sehemu ya mtihani. Wanafunzi walilindwa na kuchungwa, na maadili ya Kikristo ya tabaka la kati la Uingereza yalifanywa kipimo cha ufaafu wa mkunga sawa na uwezo wa kufunga kitovu. Pili, kama ilivyotajwa, ujuzi wa wakunga wa jadi ulichukuliwa kuwa ujinga wa kuondolewa. Hakuna aliyeketi nao ili kutenganisha mila iliyodhuru na maarifa yaliyoponya.

Lawama ya tatu inahusu lugha, nayo ni ngumu zaidi kuitolea hukumu. Kiganda kiliwafungulia wasichana mlango wa kujua, lakini ngazi iliyojengwa baada ya mlango huo ilikuwa fupi. Mkunga aliyefunzwa kwa Kiganda aliweza kuwa mkunga wa kituo. Udaktari na usimamizi wa juu vilikuwa vya Wazungu, na baadaye Kiingereza kilipofanywa lango la mafunzo ya juu, aliyefunzwa kwa lugha yake alibaki nje ya lango hilo. Lugha iliyompa umilisi ndiyo iliyomwekea paa. Kosa hilo halikuwa la Kiganda. Lilikuwa la mfumo uliokiruhusu Kiganda kiishie katika cheti cha chini.

Kiswahili nacho kilikuwa kando ya mjadala huo. Askofu Tucker alikuwa amekipinga katika kazi ya misheni, akikihusisha na Uislamu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gavana Gowers alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa zaidi katika elimu ya Uganda, na Kabaka Daudi Chwa pamoja na maaskofu wakapinga vikali. Kwa Mengo uamuzi ulikuwa umekwisha kufanyika: kitabu cha wakunga kilikuwa cha Kiganda, na mama wa Kiganda alihudumiwa kwa lugha yake. Je, mama wa Acholi au wa Bugisu, ambaye Kiganda kwake ni lugha ya wengine, angehudumiwa kwa lugha gani? Swali hilo halikupata jibu wakati wa uhai wa Bibi Cook.

Miaka ya Mwisho

Mwaka 1932 Albert Cook alipewa hadhi ya Sir na mfalme wa Uingereza, naye Katharine akawa Lady Cook. Alifariki mwaka 1938, baada ya kuishi Uganda kwa miaka 41. Mumewe alimfuata mwaka 1951 na kuzikwa Namirembe. Jina la Sir Albert limewekwa katika maktaba ya tiba ya Chuo Kikuu cha Makerere, mahali ambapo vizazi vya madaktari wa Afrika Mashariki wamesomea. Kumbukumbu za mkewe zimehifadhiwa kwa njia nyingine. Wakunga aliowafunza waliwafunza wengine, na hospitali ya Mengo ingali inapokea akina mama juu ya kilima kile kile.

Hitimisho

Maisha ya Katharine Cook yanatufundisha kwamba katika kazi ya kuokoa uhai, umilisi usioonekana katika utendaji haufai kuitwa umilisi, na kwamba utendaji huo hauwezi kutenganishwa na lugha. Alilielewa nusu ya jambo hilo vizuri kuliko wengi waliomfuata: alimfunza mtu kwa lugha anayoielewa, akampima kwa kazi. Nusu ya pili, yaani kuijenga lugha hiyo hadi ngazi ya juu kabisa ya taaluma, hakuifanya, na wala hatuwezi kusema kwamba sisi tumeifanya.

Chwele, mama anayeteremka kutoka miteremko ya Mlima Elgon kuja kujifungua huenda akawa anazungumza Kisabaoti. Jirani yake wodini anazungumza Kibukusu, na wa tatu Kiteso. Nesi amefunzwa kwa Kiingereza kuanzia siku ya kwanza hadi mtihani wa mwisho. Lugha wanayokutania wote wanne ni Kiswahili, ambacho hakuna mwalimu aliyemfunza nesi kukitumia katika kazi yake. Anajua kuieleza kwa Kiingereza dalili ya kifafa cha uzazi, kisha analazimika kubuni papo hapo namna ya kumwuliza mama kwa Kiswahili kama anaona ukungu machoni au kama kichwa kinamgonga. Akibuni vibaya, mama atajibu jambo jingine.

Nimelitazama tena daftari la binamu yangu. Lina mstari wa kupima shinikizo la damu, wa kupapasa tumbo, wa kupokea mtoto na wa kukagua kondo la nyuma. Hauko mstari unaomtaka msimamizi athibitishe kwamba mwanafunzi amemweleza mama hali yake kwa lugha ambayo mama ameielewa. Mstari huo hauwezi kuongezwa na wauguzi peke yao, kwa sababu kabla ya kuutia sahihi ni lazima pawepo maneno, yawe yamekusanywa wadini, yakajaribiwa kwa akina mama, yakaandikwa katika kitabu ambacho mwanafunzi anaweza kukitia mfukoni. Zaidi ya miaka 80 tangu Katharine Cook afariki, kazi hiyo ingali inawangoja watu waliosomea Kiswahili.